Picha ya Nani? Uhakiki wa Kiswahili cha Leseni katika Hazina ya Picha za Wikipedia

Kirai "picha ya Amina" kina maana zisizopungua tatu. Amina aweza kuwa ndiye anayeonekana katika picha. Aweza kuwa ndiye aliyeipiga. Tena aweza kuwa hayumo wala hakuipiga, bali picha ni mali yake, imehifadhiwa sandukuni mwake. Kiunganishi -a hakibagui maana hizi. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halimsumbui mtu, kwa kuwa muktadha hulitatua kabla halijawa swali. Kuna mahali, hata hivyo, ambapo utata huu una gharama. Nayo ni fomu inayomwuliza mtu picha ni ya nani, kisha ikalichukua jibu lake kuwa tamko la kisheria.

Fomu inayokusudiwa hapa ni ile ya Wikimedia Commons, hazina ya picha iliyofunguliwa Septemba 2004 ili kuzihudumia Wikipedia za lugha zote, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hujiita "kamusi elezo huru". Hazina hiyo sasa ina faili zaidi ya milioni 100. Mtu yeyote aliyejiandikisha aweza kuongeza picha. Huulizwa kwanza kama picha ni kazi yake mwenyewe au ni ya mwingine, kisha huchagua leseni. Leseni zinazokubaliwa ni zile tu zinazomruhusu kila mtu kuitumia picha, kuigeuza, hata kuiuza, kwa masharti kama vile kumtaja aliyeitunga na, katika leseni iliyozoeleka zaidi, kuitoa picha iliyogeuzwa kwa masharti yale yale. Leseni inayokataza biashara haipokelewi. Ruhusa ikishatolewa hairudishwi.

Makala haya yanaihakiki fomu hiyo kama matini ya Kiswahili, kwa kuisoma kutoka Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema. Imekuwa desturi kudai kwamba taabu ya Kiswahili katika mambo ya kompyuta ni upungufu wa istilahi. Katika suala hili dai hilo halisimami, maana istilahi zipo, pengine kwa wingi kupita haja. Kasoro iko kwingine: fomu inasema kwa nomino mahali ambapo uwazi wa Kiswahili umo katika vitenzi, na matokeo yake ni kwamba picha za watu wa Maniema hubaki nje ya mlango.

*Leseni na lisansi*

Neno la kwanza linalomkwaza msomaji wa Kindu ni leseni yenyewe. Mtanzania au Mkenya hulifahamu kutokana na leseni ya udereva na leseni ya biashara, yaani karatasi ambayo serikali humpa mtu ili atende jambo ambalo bila karatasi hiyo ni kosa. Kindu, ambako lugha ya shule na ofisi ni Kifaransa, karatasi ya dereva ni permi, na lisansi ni shahada ya chuo kikuu. Mwanafunzi anayeambiwa achague leseni ana haki ya kushangaa: kwao lisansi haichaguliwi katika orodha, husomewa miaka.

Mgongano huu wa Kiingereza na Kifaransa ndani ya Kiswahili kimoja ni wa kuchekesha, lakini chini yake kuna jambo zito zaidi. Iwe leseni ya Dar es Salaam au lisansi ya Kindu, zote mbili hutoka juu kushuka chini. Mtu huzipokea. Katika fomu ya picha mambo yamegeuka: anayejaza ndiye mtoaji, na wapokeaji ni walimwengu wote. Neno halimwambii hivyo. Mtu aliyezoea kupewa leseni atadhani kwamba kwa kubonyeza kitufe amepata kitu, kumbe ametoa.

"Kibali" nacho kina kasoro hiyo hiyo ya kutoka ofisini. "Ruhusa" ni neno bora. Mtoto huomba ruhusa kwa mzazi, mgeni kwa mwenyeji, jirani kwa jirani. Kila mwenye kitu aweza kuitoa. Nalo linaeleweka Mombasa, Unguja, Bukavu na Kindu bila tafsiri. Yawezekana kupinga kwamba ruhusa ni neno la nyumbani, lisilo na uzito wa sheria. Uzito huo waweza kuongezwa kwa kivumishi: ruhusa ya kudumu, ruhusa isiyorudishwa. Vyepesi kuongeza uzito katika neno linaloeleweka kuliko kuongeza maana katika neno lisiloeleweka.

Upo pia mfano ambao watafsiri hawaelekei kuugusa, nao uko karibu sana na wasomaji wa Maniema, jimbo ambalo Uislamu ulijengeka humo tangu karne ya 19 kupitia Kasongo na Nyangwe. Mfano huo ni wakfu. Anayeweka shamba au nyumba wakfu huyatoa manufaa yake kwa watu, huweka masharti yatakayoheshimiwa, wala hawezi kugeuka kesho akasema amebadili nia. Ni vigumu kupata maelezo mafupi ya leseni huru yanayolingana na haya. Hata hivyo mfano huu usigeuzwe istilahi. Mali ya wakfu haiuzwi, ilhali nakala ya picha iliyotolewa kwa leseni huru yaweza kuuzwa na mtu yeyote. Aidha, mtoaji wa leseni hubaki mwenye haki ya picha yake, amegawa matumizi tu. Tena kwa Mkatoliki wa Kindu kuwekwa wakfu ni jambo la altare na mapadre. Wakfu, basi, ni mfano wa darasani, wa kumfahamisha mtu kwamba anachokifanya hakirudi nyuma.

Kuhusu "huru" na "bure" maneno machache yatosha, kwa sababu hapa Kiswahili kina bahati. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu viwili, na waandishi wake wamelazimika kulifafanua mara nyingi. Kiswahili kinatenganisha, kama Kifaransa kitenganishavyo. Kamusi elezo imejiita huru, haikujiita ya bure, na imefanya vema, maana bure ina pia kivuli cha kazi iliyopotea, ya kuhangaika bure.

Kitenzi "kupakia" kinastahili tahadhari. Katika mji ulio ukingoni mwa Lualaba, wenye bandari na kituo cha reli, kupakia ni kubeba gunia na kulitia chomboni. Si tafsiri mbaya: mzigo hupandishwa mahali na hapo huonekana. Lakini mwenye simu husema anatuma picha, na kutuma kuna mpokeaji anayejulikana: dada aliye Kisangani, mjomba aliye Goma. Kupakia hakuna mpokeaji. Fomu ingemfaa msomaji kama ingesema wazi kwamba picha hii haitumwi kwa mtu, inawekwa mbele ya watu wote.

*Kazi na ukumbusho*

Kiini cha tatizo kimo katika maneno "kazi yangu mwenyewe". Uchukuliwe mfano ulio wa kawaida mno. Kijana amemaliza masomo. Siku ya kuvaa toge, mpiga picha anayezunguka uwanjani na kamera yake humpiga picha pamoja na mama yake, huenda kuisafisha, kisha huileta na kulipwa. Kuanzia hapo picha ni ya kijana. Ameilipia, yumo ndani yake, anayo mkononi. Miaka kadhaa baadaye ataka kuipamba makala ya Kiswahili kuhusu chuo chake. Fomu inamwuliza: je, hii ni kazi yako mwenyewe? Hana sababu ya kusita. Neno kazi lilivyozoeleka kwake ni ajira na jasho. Na ikiwa kuna jasho katika picha ile, ni lake la miaka mitano. Anajibu ndiyo.

Kwa sheria amejibu uongo. Kongo inayo sheria ya haki za watunzi, yaani Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na kwa sheria hiyo, kama kwa sheria za nchi nyingi, haki huzaliwa mikononi mwa aliyekitunga kitu. Aliyetunga ni yule mzunguka uwanja. Watunza hazina, ambao ni watu wa kujitolea, wakiona kwamba mwenye akaunti ndiye anayeonekana pichani katikati ya uwanja, watauliza nani alishika kamera. Jibu lisipopatikana picha hufutwa, kwa kuwa kanuni yao ni kwamba penye shaka ya maana picha isibaki. Njia ya kuiokoa ipo: mpiga picha mwenyewe aandike barua pepe ya kuthibitisha ruhusa. Njia hiyo humdai mtu ambaye kijana hakumbuki hata jina lake.

Ni rahisi mno kuwalaumu watunza hazina, lakini si haki. Swali lao ni la kweli, na humlinda nani kama si yule mpiga picha wa Kindu anayeishi kwa picha mbili tatu kwa siku? Iwapo kila mteja angeandika kwamba picha ni kazi yake, jina la fundi lingepotea, na leseni yenyewe, ambayo sharti lake la kwanza ni kumtaja mtunzi, ingekuwa inamtaja mtu mwingine milele. Kwa hiyo sheria inauliza sawasawa. Ni Kiswahili cha swali kilichomwangusha kijana.

Neno ambalo watu wenyewe hulitumia kwa picha za namna hii si kazi, ni ukumbusho. Johannes Fabian, aliyechunguza Kiswahili na sanaa za mjini katika Shaba miaka ya 1970, alionyesha jinsi neno hilo lilivyokuwa msingi wa kuelewa michoro iliyotundikwa kwenye kuta za vyumba vya wafanyakazi: mchoro ulithaminiwa kwa kile ulichokikumbusha na kwa mazungumzo uliyoyaamsha. Picha ya toge, picha ya arusi, picha ya marehemu aliyekaa kitini mbele ya pazia, zote ni ukumbusho. Na ukumbusho ni wa wanaokumbuka. Hapa ndipo mifumo miwili inapopishana: kwa mmoja mwenye picha ni aliyeitenda, kwa mwingine ni wale ambao picha inawahusu. Kiswahili, kwa -a yake isiyobagua, kinaipokea mifumo yote miwili bila kuuliza. Ni ukarimu katika maongezi. Katika fomu ni mtego.

Mchoraji ambaye Fabian alifanya naye mazungumzo marefu zaidi, Tshibumba Kanda Matulu, anaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea historia ya Zaire, michoro takriban 100, huku akiieleza mmoja mmoja kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo hayo yalichapishwa katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1996. Michoro iliingia katika mkusanyo wa jumba la makumbusho la Amsterdam lililoitwa wakati huo Tropenmuseum. Mchoraji mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya 1986 huhesabu miaka 50 tangu kufa kwa mtunzi. Itahesabiwa kuanzia lini kwa mtu ambaye kifo chake hakina tarehe? Historia ya nchi iliyosimuliwa kwa Kiswahili na kuchorwa na Mkongo, na ambayo ingefaa kuliko picha nyingine yoyote kupamba makala za Kiswahili kuhusu Kongo, haina wa kuitolea ruhusa kwa hakika.

*Wanaopita mlangoni*

Yafaa kuuliza ni picha gani, basi, zinazopita bila taabu. Kwanza ni zile ambazo umri umezifungua. Mauaji ya sokoni Nyangwe, yaliyoshuhudiwa na Livingstone tarehe 15 Julai 1871, yalichorwa kwa ajili ya shajara zake za mwisho zilizotolewa London mwaka 1874. Mchoraji hakuwahi kuliona soko lile. Casimir Zagourski, mpiga picha wa Leopoldville ambaye kadi zake za posta zilieneza sura za Wakongo ulimwenguni, alifariki mwaka 1944, na kwa hesabu ya miaka 70 inayofuatwa Ulaya picha zake zimekuwa huru tangu mwanzo wa 2015. Jina la Zagourski hutajwa. Majina ya watu wake hayakuandikwa. Kilichoandikwa ni kabila.

Pili ni zile zinazotoka katika taasisi zenye uwezo wa kutoa ruhusa kwa jumla. Desemba 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilitoa picha karibu 100,000, na miongoni mwake ni zile za Walther Dobbertin kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Taasisi hiyo iliongeza onyo la kiungwana kwamba maelezo ya awali ya picha zake yaweza kuwa na makosa au upendeleo. Kwa upande wa Kongo ya mashariki, picha nyingi zimetoka MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioanza kwa jina hilo mwaka 2010, ambao huziachia picha zake kwa leseni inayokubalika. Ni picha safi, zenye tarehe na mahali. Lakini kamera ya ujumbe wa amani hutazama kinachohusu ujumbe wa amani: kofia za buluu, helikopta, mgeni rasmi akishuka ngazi. Asiyeijua nchi hii ataiona kana kwamba watu wake huishi kwa kupokewa na kuagwa.

Kindu yenyewe ina mfano mkali zaidi. Novemba 1961 wanaanga 13 wa Italia waliokuwa wakiuhudumia Umoja wa Mataifa waliuawa mjini hapo, na katika Italia jina la Kindu hukumbukwa kwa sababu hiyo hadi leo. Sheria ya Italia huzipa picha za kawaida, zisizohesabiwa kuwa za kisanaa, ulinzi wa miaka 20 tu tangu zilipopigwa. Kwa hiyo picha ya kawaida iliyopigwa na Mwitalia mwaka ule ilikwisha kuwa huru kabla ya vijana wengi wanaosoma Kindu leo hawajazaliwa. Picha ya familia ya Kindu ya mwaka ule ule, iliyosalimika na 1964 mji ulipotekwa na Wasimba, ikasalimika na vita vya 1996 na 1998, na bado inasalimika na unyevu, haijulikani aliyeipiga, haikuchapishwa popote, wala fomu haijui iitie kundi gani. Hili ni suala la haki ya kuonekana, na fomu haikulikusudia. Limetokea kwa sababu ruhusa hutolewa kwa urahisi na wenye ofisi ya kuitoa.

Juhudi za kuziba pengo zipo. Shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza 2014 kwa mada ya vyakula na kufuatwa na mavazi, muziki, watu kazini na mengineyo, limeongeza picha nyingi zilizopigwa na Waafrika wenyewe. Ni jambo la kupongezwa. Lakini shindano hupokea picha mpya kutoka kwa mwenye kamera. Sanduku la mama haliwezi kushindana.

*Kuuliza kwa vitenzi*

Tiba ya Kiswahili cha fomu haihitaji kamati ya istilahi. Lugha yenyewe imeshatenganisha kile ambacho -a inakichanganya: aliyepiga, aliyepigwa, aliyelipia, aliyeirithi. Viambishi rejeshi na kauli ya kutendwa vinafanya kazi ambayo nomino haiwezi. Badala ya "je, hii ni kazi yako mwenyewe?", iulizwe: "Je, ni wewe uliyeipiga picha hii?" Kijana wa toge atajibu hapana papo hapo, bila aibu wala udanganyifu. Kisha iulizwe: "Ni nani aliyeipiga? Aliyeipiga ameruhusu watu wote waitumie?" Kwa Kindu, ambako wengi husema foto, hata "uliyeipiga foto hii" itaeleweka, na hakuna sababu ya kuionea haya. Tafsiri za fomu hizi hufanywa na watu wa kujitolea katika translatewiki.net, na kila neno lake laweza kurekebishwa na mzungumzaji yeyote anayejiandikisha. Idara za Kiswahili za Kongo zingeweza kuwapa wanafunzi wao zoezi hili katika somo la tafsiri, wakawa na hoja za kweli za kubishania kuliko sentensi za vitabuni.

Linabaki jambo moja ambalo vitenzi haviwezi kulimaliza. Aliyepigwa hana nafasi ya lazima. Tangu 2019 hazina hiyo imekuwa na sehemu ya kutaja kinachoonekana katika picha, lakini sehemu hiyo huelekea kwenye vitu vilivyo na ukurasa katika Wikidata: mto, kanisa kuu, waziri. Fundi wa baiskeli wa soko la Kindu hana ukurasa. Ataonekana, atageuzwa, hata atauzwa katika kalenda, huku chini yake likiandikwa jina la aliyemlenga kamera, kama sheria inavyotaka. Mwandishi wa maelezo aweza kuliongeza jina lake, baada ya kumwuliza kama ameridhia. Fomu haimkatazi, ila haimwulizi pia. Hapo Zagourski na mshiriki wa shindano wa leo bado wamesimama mahali pamoja.

Ama kuhusu sanduku la familia, iko dalili moja ambayo wakusanyaji wa picha wangepaswa kuanza nayo kabla ya kujaza fomu yoyote. Picha nyingi za zamani zilizopigwa ndani ya studio zina muhuri mgongoni: jina la studio, mji, pengine na mwaka. Wenye studio hizo wengine wangali hai, na watoto wao wanajulikana mitaani. Kwao ruhusa yaweza kuombwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, kisha ikaandikwa.